Kushiriki katika Programu Huria: Mwanafunzi Aanzie Wapi?

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwauliza wanafunzi wapya wa darasa langu swali moja: ni nani kati yenu amewahi kuisoma programu ya kompyuta iliyoandikwa na mtu mwingine? Siulizi nani amewahi kuitumia, maana hilo wote wamelifanya tangu utotoni. Nauliza nani ameisoma, kama mtu asomavyo riwaya au hati ya mkataba. Mikono inayoinuka aghalabu haizidi miwili, na mwaka mmoja haukuinuka hata mmoja. Hawa ni vijana waliofaulu vizuri sana katika hisabati na fizikia, na kosa si lao. Sisi tuliowafundisha ndio tuliowazoeza kudhani kwamba programu ni kitu kitokacho mbali kikiwa kimefungwa, na kwamba kazi ya mtumiaji ni kujua abonyeze wapi.

Katika makala haya nakusudia kutoa maoni yangu juu ya njia moja ya kuyavunja mazoea hayo, nayo ni kushiriki katika kazi ya programu huria. Sitaficha kwamba sikubaliani na sehemu kubwa ya ushauri ambao vijana hupewa kuhusu jambo hili. Huambiwa waanze kwa kuandika programu. Mimi nasema waanze kwa kutazama.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maana ya maneno. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu ambayo mtu aliyejifunza aweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Baadaye hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambao mashine huutii, lakini ambao binadamu hauelewi kwa urahisi. Kampuni nyingi huuza tarakimu hizo na kuuficha msimbo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, tena leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza. Naomba msomaji azingatie neno leseni. Msimbo unaoonekana hadharani bila leseni bado ni mali ya mwandishi wake, kama vile shamba lisilo na ua lilivyo bado na mwenyewe. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta katika mradi wowote ni faili ya leseni.

Kazi ya namna hii ilipata sura yake mwezi wa Septemba 1983, Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, aliutangaza mfumo aliouanza kwa kujifurahisha, na ambao leo tunauita Linux. Kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya simu zote za Android, yaani simu za wengi wa wanafunzi wetu. Kwa hiyo kijana anayedhani kwamba programu huria ni jambo la wataalamu wa ng'ambo amekwisha kuitia mfukoni bila kujua.

Hata hivyo si simu inayonifanya niandike. Katika hospitali na zahanati nyingi za Afrika Mashariki, kumbukumbu za wagonjwa na hesabu za magonjwa hutunzwa kwa programu huria. Mradi wa OpenMRS, wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, na miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotumika programu yake, mwaka 2006, ni Eldoret, Kenya, katika matibabu ya wagonjwa wa UKIMWI. Mfumo wa DHIS2, ambao Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachouratibu na ambao mizizi yake iko Afrika Kusini, ulienezwa na Kenya nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo huutumia kukusanya takwimu za afya. Nani anaamua fomu ya kliniki ya wajawazito iulize nini, na kwa maneno gani? Katika programu iliyofungwa, muuzaji ndiye aamuaye. Katika programu huria aamuaye ni yule aliyefika kazini. Tusipofika, wataamua waliofika, wala hatutakuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Sasa mtu hufikaje? Nitaeleza jinsi nilivyofika mimi, maana nilifika vibaya.

Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, nikitumia programu fulani ya kuchora grafu za takwimu. Siku moja niligundua kwamba kitabu chake cha maelezo kilikuwa kimebadilisha nafasi za vigezo viwili. Cha kwanza kilielezwa kama cha pili, na cha pili kama cha kwanza. Nilikuwa nimepoteza alasiri nzima kwa sababu ya kosa hilo. Nikalirekebisha, mistari miwili tu, nikatuma. Marekebisho ya namna hii huitwa kiraka, nalo ni jina linalofaa, kwani hukuletei nguo mpya, hukuletea kipande tu na mahali pa kukishonea. Baada ya siku nne likaja jibu la sentensi mbili, bila salamu: kiraka chako kimebadilisha mistari zaidi ya mia tisa, hatuwezi kukikagua.

Nilikasirika. Nilikuwa mtu mzima, nina shahada mbili, nami nilikuwa na hakika nimegusa mistari miwili tu. Tena kwetu hata mgeni aliyekosea mlango husalimiwa kwanza. Ilinichukua juma zima kukubali kwamba walikuwa wakweli. Kompyuta yangu ilitumia Windows, ambayo huweka alama mbili zisizoonekana mwishoni mwa kila mstari, ilhali Linux huweka moja. Kihariri changu kilikuwa kimeibadili faili yote kimyakimya. Kwa macho yangu mistari miwili ndiyo iliyobadilika, lakini kwa hesabu ya mashine ilikuwa imebadilika yote. Na mwongozo wa mradi wenyewe, ambao sikuusoma kwa haraka yangu, ulikuwa na aya nzima iliyoonya juu ya jambo hilo hilo.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mwanzilishi anahitaji kukijua. Miradi mingi ina faili ya mwongozo kwa wachangiaji, na isomwe kabla ya kitu kingine chochote. Kila badiliko hulinganishwa mstari kwa mstari na maandishi ya awali, kwa hiyo kiraka kiguse kile tu kilichokusudiwa. Na walezi wa mradi, yaani wale wenye mamlaka ya kukubali au kukataa, huandika kwa mkato kwa kuwa wana mamia ya barua za kujibu, na wengi wao hufanya kazi hiyo usiku baada ya kazi ya mshahara. Ukavu wa maneno yao si dharau, ingawa nakiri kwamba wako wachache ambao ni wakavu kwa hulka, na miradi ya watu hao ni afadhali kuiacha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaowahimiza vijana waanze kwa kuandika msimbo. Mtu asiyeijua nyumba haanzi kwa kubomoa ukuta. Anayeanza achague programu ambayo yeye mwenyewe huitumia na ambayo imewahi kumsumbua, kisha ajifunze kuieleza kasoro yake. Kazi hii hudharauliwa, lakini kwa maoni yangu ndiyo shule bora kuliko zote, na walimu wa sayansi wataitambua mara moja, maana si kitu kingine bali ni taarifa ya jaribio la maabara. Anayeandika kwamba programu yenu haifanyi kazi hajasema neno. Mwandishi mzuri hutaja vifaa: toleo gani la programu, juu ya simu au kompyuta ya aina gani. Hutaja njia: nilifungua hiki, nikabonyeza kile, nikaandika jina lenye herufi hizi. Hutaja alichotarajia na alichokiona. Kisha hurudia jaribio akibadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, mpaka ajue ni kipi kinacholeta kasoro. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa vizuri jaribio la pendulamu anao ujuzi wote unaotakiwa hapa.

Asidhani mtu kwamba hii ni kazi ya watoto. Mnamo Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alipokuwa akipima kasi ya programu alizozijua vizuri, aliona kwamba kuingia katika kompyuta moja kutoka mbali kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuatilia, akakuta kwamba ndani ya programu ndogo ya kubana faili, iitwayo xz, mtu alikuwa amefichа mlango wa siri ambao ungeweza kumpa mamlaka juu ya kompyuta nyingi sana duniani. Mtu huyo, aliyetumia jina la Jia Tan, alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili akituma viraka vizuri na kujijengea imani, wakati mlezi wa programu hiyo alikuwa mtu mmoja aliyechoka. Freund hakuandika programu mpya. Alitazama, akapima, akaandika taarifa. Na kisa hiki chaeleza pia kwa nini walezi humchunguza mgeni kwa muda mrefu.

Iko kazi nyingine ambayo kwayo kijana wetu anao utajiri ambao mhandisi wa California hana, nayo ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Wengi waliisifu kazi hiyo kisha wakadhani imekwisha. Lakini tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyopata mrithi huchakaa kama makuti ya paa.

Tena kazi yenyewe si ya kubadilisha neno kwa neno. Mtunga programu wa Kiingereza huhifadhi neno moja lenye maana ya «-pya» na kulitumia kila mahali: katika kitufe cha kuanzisha barua, jedwali, kikundi au orodha ya majedwali. Kwake neno hilo halibadiliki. Anayetafsiri kwa Kiswahili huletewa neno hilo likiwa peke yake, bila nomino, akaambiwa aandike tafsiri moja. Aandike nini? Barua ni mpya, jedwali ni jipya, kikundi ni kipya, majedwali ni mapya. Ndivyo ilivyo pia kwa taarifa ya kwamba kitu kimefutwa: barua imefutwa, jedwali limefutwa, vikundi vimefutwa. Ndiyo maana programu nyingi zenye Kiswahili husomeka kama Kiswahili cha mgeni aliyeshuka melini jana.

Dawa yake haimo katika kamusi, imo katika msimbo. Inafaa maneno yatenganishwe, kila moja lihifadhiwe pamoja na maelezo ya mahali linapotumika, ili mtafsiri aweze kutoa majibu tofauti. Mfumo wa tafsiri uitwao gettext, unaotumiwa na miradi mingi, unaruhusu jambo hilo, lakini mtunga programu hatalifanya mpaka mtu amwambie kwamba lugha yetu ina ngeli. Taarifa ya namna hiyo, yenye mifano mitatu au minne, ni mchango halisi wa kihandisi. Huweza kuandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo lakini alimsikiliza vizuri mwalimu wake wa Kiswahili. Nami nakiri kwamba sijui mradi wa somo mtambuka unaowafaa walimu wa Kiswahili na wa kompyuta kuliko huu. Wala si wa nchi moja tu, kwani hata katika hifadhi ya takwimu za lugha ya Unicode, ambamo programu nyingi huchota majina ya miezi na siku, Kiswahili kina matawi ya Kongo, Kenya na Uganda, na makosa ya kila tawi huonwa na wenyeji wake.

Mwalimu ataniuliza juu ya vifaa, kwa kuwa shule ina kompyuta chache na vifurushi vya intaneti ni ghali. Hapa habari ni njema kuliko inavyodhaniwa. Miradi mingi hutunzwa kwa chombo kiitwacho Git, alichokitunga Torvalds huyo huyo mwaka 2005, nacho kina sifa moja inayotufaa sana: anayechukua nakala ya mradi huchukua na historia yake yote. Mwalimu aweza kuipakua mara moja mjini, akaitia katika kidude cha flashi, akaigawa kwa darasa zima. Wanafunzi watasoma kila badiliko lililowahi kufanywa, nani alilifanya na kwa sababu gani, wataandaa viraka vyao na kuviweka akiba bila intaneti hata chembe. Intaneti itahitajika siku ya kutuma tu. Mradi uchaguliwe mdogo. Historia kamili ya kiini cha Linux huchukua gigabaiti kadhaa, na si mahali pa kumpeleka mtoto siku ya kwanza.

Pingamizi kubwa zaidi ni lile la malipo. Kwa nini kijana wa familia isiyo na kitu afanye kazi bure, ilhali kampuni tajiri za dunia zinaitumia kazi hiyo kuzidi kutajirika? Sitalipuuza swali hili, maana lina ukweli. Mwaka 2014, ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, dunia ilishangaa kusikia kwamba programu hiyo ilitunzwa na watu wachache mno kwa michango midogo. Kampuni kubwa zilitoa fedha baada ya moto kuwaka. Kwa hiyo simwambii kijana yeyote ajitolee bila mpaka. Namwambia achangie kile anachokitumia mwenyewe, kwa saa ambazo angezitumia kujifunza, kwa kuwa anachokipata, yaani kukaguliwa kazi yake na mafundi hodari bila kulipa ada, hakipatikani katika darasa langu lenye wanafunzi mia mbili. Kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi ziko pia programu za posho. Google Summer of Code imekuwapo tangu mwaka 2005, na wanaochaguliwa aghalabu ni wale ambao mradi umekwisha kuyaona majina yao.

Lakini wale wanaotafuta jina peke yake wamelileta balaa lao. Mnamo Oktoba 2020, katika shindano lililoahidi fulana kwa washiriki watakaotuma michango minne, miradi mingi ilifurikwa na viraka vya upuuzi, kama vile kuongeza neno la sifa katika ukurasa wa maelezo, hata ikabidi waandalizi wabadili kanuni siku chache tu baada ya kuanza. Siku hizi gharika hiyo imerudi kwa sura nyingine. Watu huiagiza mashine ya akili bandia iandike taarifa ya kasoro, kisha huituma bila kuijaribu, na mlezi hupoteza usiku wake akitafuta kasoro isiyokuwapo. Mwalimu asiwape wanafunzi alama kwa idadi ya viraka vilivyotumwa. Awape alama kwa taarifa ambayo mwanafunzi mwenzao ameweza kuirudia jaribio lake na kupata matokeo yale yale, hata kama haijatumwa kokote.

Na atakayetuma ajue kungoja. Miradi mingine hujibu kwa saa, mingine kwa mwezi, mingine haijibu kamwe. Baada ya majuma mawili au matatu si utovu wa adabu kukumbusha mara moja kwa upole. Kimya kikiendelea, na atafute mradi mwingine.

Kiraka changu kile cha kwanza kilikubaliwa mara ya tatu, baada ya kuirekebisha miisho ya mistari na kuyaandika upya maelezo yake. Mwaka juzi, nikiandaa mhadhara, nilikwenda kukitafuta katika historia ya mradi. Nilikikuta, pamoja na jina langu na tarehe. Lakini katika kitabu cha maelezo cha sasa mistari yangu miwili haimo tena, kwani mtu mwingine aliiandika upya sura yote, na sharti niseme kwamba yake ni nzuri kuliko yangu.